Kipi Kionekane: Aikoni za Mipangilio na Kompyuta ya Umma Kakamega

Kompyuta iliyoingia Kakamega mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imeundwa kwa ajili ya mtu mmoja. Walioibuni walimfikiria karani mwenye meza yake, au familia yenye chumba cha kusomea. Mtu ambaye akiizima jioni ataiwasha asubuhi na kuikuta vilevile alivyoiacha. Katika mji huu, uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, mtu wa namna hiyo alikuwa nadra. Mashine ilikaa saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti za kulipia, au katika chuo cha kompyuta kilichokodi chumba ghorofani, au katika maabara ya shule ya upili, na kutwa nzima ilipita mikononi mwa watu wasiojuana. Hapo jambo ambalo waundaji walilichukulia kuwa la ladha ya mtu binafsi, yaani aikoni zipi za mipangilio zionekane na zipi zifichwe, liligeuka kuwa jambo la utawala. Ninashikilia kwamba walioliamua siku baada ya siku, wahudumu wa saiba na walimu wa maabara, ndio walioifanya kompyuta ya mtu binafsi iwe kompyuta ya umma, na kwamba kazi yao inastahili nafasi katika historia ya Kakamega kama zinavyostahili habari za machimbo ya dhahabu ya Rosterman na kiwanda cha sukari cha Mumias.

Uamuzi huo usingewezekana kama mipangilio yenyewe isingekuwa imegeuzwa kuwa vitu vinavyoonekana. Wazo la aikoni kwenye kompyuta lilipata jina lake katika tasnifu ya David Canfield Smith ya mwaka 1975, na mwaka 1981 kampuni ya Xerox ikauza Star, mashine ya ofisi ambayo skrini yake iliigiza meza ya kazi yenye folda na hati. Macintosh ya Januari 1984 ilikuwa na paneli dhibiti moja ndogo, iliyochorwa kwa ustadi na Susan Kare, ambamo sauti, saa na kasi ya kipanya vilikaa pamoja kwenye dirisha moja. Hukuweza kuchagua kimoja ukaacha kingine. Mabadiliko makubwa yalikuja Apple ilipotoa System 7 mwaka 1991: kila kidhibiti kikawa faili lenye aikoni yake ndani ya folda, na faili linaweza kuhamishwa au kuondolewa kabisa. Windows nayo ilifuata njia ya namna hiyo. Kuanzia hapo mpangilio ukawa kitu, na kitu kinachoweza kuwepo kinaweza pia kutokuwepo. Sioni kwamba waliobuni hatua hiyo walikusudia kumpa mtu mamlaka juu ya mwenzake. Lakini ndivyo ilivyotokea popote mashine ilipokuwa na mwenyewe mmoja na watumiaji wengi.

Ushahidi wa jinsi mamlaka hayo yalivyotumika haumo kwenye kumbukumbu za serikali. Umo ndani ya zana zenyewe. Katika Windows 95 na 98 karibu kila aikoni ya paneli dhibiti ilitoka kwenye faili lenye jina linaloishia na herufi cpl: desk.cpl kwa muonekano wa skrini, timedate.cpl kwa saa na tarehe, inetcpl.cpl kwa intaneti, appwiz.cpl kwa kuongeza na kuondoa programu. Kulikuwa pia na faili la maandishi matupu, CONTROL.INI, lenye sehemu ambamo uliandika majina ya yale usiyotaka yapakiwe. Ukiandika mstari mmoja na kulihifadhi faili, aikoni ilitoweka kwenye paneli ilhali kazi yake imebaki salama ndani ya mashine. Baadaye, katika Windows 2000 na XP, orodha hiyo ilihamia kwenye rejista, hifadhi ya ndani ya mipangilio ya Windows. Kwa asiyependa kuhariri maandishi palikuwa na Tweak UI, programu ndogo ambayo wahandisi wa Microsoft waliitoa bure bila kuahidi msaada wowote, ikiwa na orodha ya aikoni na visanduku vya kuwekea alama. Palikuwa na kihariri cha sera, yaani cha kanuni za kinachoruhusiwa kwenye mashine, kilichokuja kwenye CD ya Windows 95, na Windows 2000 ilileta sera zilizoruhusu ama kuficha aikoni fulani ama kuonyesha zilizotajwa tu. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Anayeficha baadhi anamwamini mtumiaji isipokuwa pale alipokwisha kuumia. Anayeonyesha zilizotajwa tu haamini hadi athibitishiwe.

Sasa tutazame saiba ya mji wa bara ilivyokuwa. Jambonet, mtandao mkuu wa intaneti uliokuja kuwa wa Telkom, ilianza mwaka 1998, na mwaka uliofuata shirika la posta na simu likagawanywa. Nje ya Nairobi na Mombasa, intaneti kwa kawaida ilikuwa laini moja ya simu, modemu moja, na kompyuta kadhaa zilizogawana muunganisho kupitia mashine kuu, ama kwa programu ya proksi, ama kwa uwezo wa kugawa muunganisho uliokuja na toleo la pili la Windows 98 mwaka 1999. Mteja alilipa kwa dakika. Katika hesabu hiyo kila aikoni ya mipangilio ilikuwa na gharama yake. Aliyeingia kwenye mipangilio ya intaneti akafuta anwani ya proksi, hata bila kukusudia, aliacha kiti ambacho hakingeingiza senti hadi mhudumu atambue kasoro ilipo. Aliyebadilisha saa aliweza kuvuruga programu iliyohesabu muda. Aliyeingia kwenye muonekano wa skrini aliweza kubadilisha picha ya nyuma, na hilo si baya sana, lakini pia aliweza kuweka kitunza skrini chenye nenosiri, akaondoka nalo kichwani. Aliyefika kwenye orodha ya programu aliweza kuondoa ile inayowalisha wote. Mtu akisoma orodha ya aikoni zilizofichwa kwenye mashine ya zamani ya saiba, anasoma orodha ya hasara ambazo mwenye mashine alizipata au alizihofu. Ni kama wavu wa duka la rejareja: bidhaa zipo, mteja anahudumiwa, ila mkono wa kuzifikia ni wa upande mmoja tu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba hapa hapana historia ya Kakamega. Zana zilitoka Redmond, kwa Microsoft, na wa Kakamega alibonyeza tu kama alivyobonyeza wa Manila au Lagos. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Saiba za nchi nyingi zilifika mahali pamoja kwa sababu zilikabiliwa na shida moja, na sidai kwamba mbinu hizi zilizaliwa kando ya barabara ya Kisumu. Ninachodai ni kwamba zana hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya saiba. Kihariri cha sera kilikusudiwa kampuni yenye seva, mtandao wa ndani na msimamizi wa mshahara, anayetuma kanuni moja kwa mashine mia. Tweak UI ilikusudiwa mpenda kompyuta anayetaka kuchezea mashine yake mwenyewe. Mhudumu wa saiba hakuwa na seva ya namna hiyo, na mashine aliyoichezea ilikuwa ya kugawana na umma mzima. Alichukua zana ya mpenda kompyuta akaifanyia kazi ya msimamizi, mashine moja baada ya nyingine, kwa mkono. Kubadili matumizi ya chombo namna hiyo ni ubunifu, na wanahistoria wa ufundi hulikubali hilo wanapoandika juu ya jua kali na mafundi wake wanaogeuza mapipa kuwa majiko. Sioni sababu ya kulikataa linapohusu programu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kuficha si kulinda. Aikoni ya saa ilipoondolewa kwenye paneli dhibiti, kubofya mara mbili saa iliyo pembeni mwa skrini bado kulifungua dirisha lile lile. Anayejua jina la faili aliweza kuliita moja kwa moja kwenye kisanduku cha kuendeshea amri. Wataalamu wa usalama walisema, na wako sahihi, kwamba dawa halisi ni akaunti yenye haki finyu, na kwamba Windows 2000 na XP zilikuwa nayo. Kwa nini basi haikutumika kwingi? Sababu ya kwanza ni kwamba XP, iliyotoka Oktoba 2001, ilizipa haki zote za usimamizi akaunti zilizoundwa wakati wa kuisakinisha. Mwenye saiba aliyefuata njia aliyoonyeshwa alijikuta na milango yote wazi. Ya pili ni kwamba programu nyingi za wakati huo ziliandikwa kana kwamba kila mtumiaji ni msimamizi, na zilikwama chini ya akaunti finyu. Lakini jibu la msingi ni jingine. Hatari iliyomkabili mwenye saiba haikuwa hasa mvamizi hodari. Ilikuwa udadisi wa kijana ambaye hajawahi kushika kipanya, na kosa la mzee aliyebofya mahali asipopajua. Kwa watu hao wawili, kisichoonekana hakipo. Kuficha kuliwatosha, na kulikuwa na wema ndani yake: mteja aliyeogopa kuharibu mashine ya watu aliikuta skrini ambayo haikuwa na mengi ya kuharibu.

Kwamba hii haikuwa tabia ya ovyo ya wenye saiba, Microsoft yenyewe ilikuja kulithibitisha. Mwaka 2005 ilitoa zana ya bure kwa ajili ya kompyuta zinazogawanwa, na mwaka 2007 ikaiboresha kwa jina la Windows SteadyState, ikitaja wazi maktaba, shule na saiba. Ndani yake mlikuwa na visanduku vya kuzuia paneli dhibiti na kuondoa aikoni kwenye menyu, pamoja na uwezo wa kurudisha diski katika hali yake ya awali kila mashine inapowashwa upya, kazi ambayo Deep Freeze ya kampuni ya Faronics ya Kanada ilikuwa ikiifanya kwa malipo. Yaani miaka kumi baada ya Windows 95, mtengenezaji alikubali kwamba kompyuta ya umma ni aina yake pekee, yenye mahitaji yake. Halafu akaiacha. SteadyState haikuandaliwa kwa Windows 7, na mwisho wa Desemba 2010 ikaondolewa. Tarehe hiyo inauma ukiiweka kando ya kalenda ya Kenya, kwa maana nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, zilikuwa zimetua Mombasa mwaka 2009 na bei ya intaneti ilikuwa ikishuka, hadi shilingi moja kwa dakika ikawa bei ya kawaida. Zana iliondolewa wakati ambapo miji kama Kakamega ilikuwa ikiongeza viti. Wahudumu wakarudi kwenye rejista na kwenye sera, kwa mkono, kama mwanzo.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliona kuwa gumu, na sitalikwepa. Linasema kwamba wavu huu wa kuficha aikoni uliwadumaza wanafunzi. Kakamega ni mji wa shule na vyuo. Chuo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa michango ya harambee, WECO, kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2002, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Kusini mwa mji iko Sigalagala, yenye mafunzo ya ufundi. Kuvizunguka vikaota vyuo vidogo vya kompyuta vilivyofundisha zile zinazoitwa pakeji: utangulizi, kuandika barua, majedwali, hifadhidata, slaidi, intaneti. Mwanafunzi aliyepitia pakeji zote kwenye mashine ambayo paneli dhibiti yake imefichwa aliweza kutoka na cheti bila kuwahi kuunganisha printa wala kubadilisha tarehe. Aliijua kompyuta kwa upande wa mteja tu. Maabara za shule zilikuwa na sababu zao: Computers for Schools Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilisambaza mashine zilizokwisha tumika na kukarabatiwa, na shule yenye mashine chache kwa mamia ya wanafunzi haiwezi kumruhusu kila mmoja afungue kila kitu. Hata hivyo sababu ya mwalimu si sawa na sababu ya mwenye saiba. Mwenye saiba anauza muda. Mashine ikisimama, anapoteza. Mwalimu yupo ili mashine isimame na mwanafunzi ajue kwa nini imesimama. Maabara zilipoazima mtindo wa saiba bila kuuhoji, ziliazima pia woga wake, na hapo ninakubaliana na wanaolalamika. Mashine mbili kati ya kumi zingeweza kuachwa wazi, aikoni zote zikiwa mahali pake, kwa ajili ya kujifunza kuharibu na kutengeneza.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao hautajwi mara nyingi, nao ni lugha. Mwaka 2004 Microsoft ilitangaza kwamba programu zake zitapata sura ya Kiswahili, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu kutoka Sweden, kikatoa Jambo OpenOffice. Kazi hizo zilichukua bidii kubwa ya kubuni istilahi. Lakini lugha ya kompyuta ni mpangilio, na mpangilio unakaa nyuma ya aikoni. Katika mashine ya mtu binafsi, mwenyewe akipenda Kiswahili anakichagua. Katika mashine ya umma, ambayo aikoni ya lugha na eneo imefichwa na akaunti ya kusakinishia iko mikononi mwa mwenye mashine, mtu anayesema Kiluhya nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza kwa shida hakuwa na mahali pa kusema anataka nini. Mara nyingi huulizwa kwa nini kompyuta za Kiswahili hazikushika mizizi Kenya, na jibu la haraka ni kwamba Wakenya wanapenda Kiingereza. Mimi naona jibu hilo linawahukumu watu kwa uchaguzi ambao wengi wao hawakuwahi kuuona kwenye skrini. Aliyechagua ni yule aliyeamua aikoni zipi zionekane, naye alikuwa na sababu ya kuacha mambo yalivyo: mhudumu anayerekebisha mashine kumi anataka zote ziseme lugha moja, ile aliyofunzwa ufundi nayo.

Wakati huohuo Windows yenyewe ilikuwa ikibadilisha kile kinachoonekana kwa desturi. Eneokazi la XP lilipowashwa mara ya kwanza lilikuwa na pipa la taka peke yake, na aliyetaka aikoni za zamani alizirudisha kupitia dirisha la kurekebisha eneokazi. Vista ya mwaka 2007 iliongeza kwenye dirisha hilo kisanduku cha paneli dhibiti, ili anayetaka aiweke mbele kabisa, na kisanduku hicho kipo hadi Windows 11. Windows 10 ya mwaka 2015 ikaipa kipaumbele programu mpya ya Mipangilio, ikiacha paneli dhibiti nyuma yake; na mwaka 2017 ikaja sera inayoficha kurasa za Mipangilio moja moja. Mtu aliyewahi kuandika majina ya faili kwenye CONTROL.INI angelitambua wazo hilo mara moja. Zana zimebadilika mara nne au tano, na swali lililowekwa mbele ya mwenye mashine halijabadilika.

Kilichobadilika ni mteja na shida yake. Simu za mkononi zimechukua barua pepe na picha, na kila mtu sasa ana mipangilio yake mfukoni. Saiba ya Kakamega haikufa kwa hilo. Iligeuka kuwa dirisha la serikali. Ilipokuja iTax ya kulipia kodi, kisha eCitizen ya huduma za serikali mwaka 2014, pamoja na maombi ya nafasi za vyuo vikuu kupitia KUCCPS na mikopo ya HELB mtandaoni, watu walirudi saiba kwa sababu hati hujazwa vizuri kwenye skrini kubwa na huhitaji kuchapishwa. Mara nyingi mteja haketi tena mbele ya mashine. Anasimama kando, anataja nambari ya kitambulisho na nenosiri, na mhudumu anaandika. Hofu ya miaka ya 2000, kwamba mteja ataharibu mashine, imepungua nguvu. Hofu inayostahili nafasi yake ni kwamba mashine itamdhuru mteja: nakala ya kitambulisho iliyobaki kwenye folda ya vipakuliwa, cheti cha mamlaka ya kodi, KRA, kilichosahauliwa kwenye eneokazi, nenosiri ambalo kivinjari kimelikubali na kulihifadhi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde, na haimwachi nje mwenye saiba kwa kuwa biashara yake ni ndogo.

Kwa hiyo mpango wa aikoni uliorithiwa kutoka siku za modemu hauna sababu ya kuendelea bila kuhojiwa. Ulimlinda mwenye mashine dhidi ya mteja, na ulifanya hivyo vizuri kwa karibu miaka ishirini. Ujuzi uleule wa kuchagua kipi kionekane unaweza sasa kufanya kazi upande wa pili. Mipangilio ya mtandao na ya kusakinisha programu ibaki imefichwa, sina ugomvi nayo. Lakini mipangilio ya lugha irudi mbele, na kando yake iwekwe aikoni ya kufuta historia ya kivinjari na kumwaga folda ya vipakuliwa, kubwa kuliko ya kuchapisha, ili aliyesimama kando ya mhudumu aweze kuinyooshea kidole na kuona ikibofywa kabla hajalipa.